Timbo la Kokoto Malishoni: Hekta 10 za Ramani si Hekta 10 za Ng'ombe

Kila ghorofa inayoinuka Nyali au Bamburi, Mombasa, inakula kokoto, na kokoto nyingi za kutegemewa hutoka mbali na ufuo. Ndipo mwekezaji anapopanda barabara kuu ya Nairobi hadi Samburu (ile ya Kwale), Taru au Mackinnon Road, akaona jiwe limechomoza katikati ya malisho, akarudi na ramani na ombi la "hekta 10 tu". Wenye ng'ombe huulizwa papo hapo kama wanakubali au wanakataa. Swali hilo huja mapema mno. Kabla ya ndiyo au la, kuna mwamba wa kupimwa, kuna maji ya kufuatwa yanakotoka na yanakokwenda, na kuna njia za mifugo za kuchorwa. Tuanze na mwamba, maana huo ndio unaoamua timbo litafika hekta ngapi, hata mkataba uandikwe vipi.

Ukitoka kisiwani Mombasa kwenda bara, mawe hubadilika mkanda kwa mkanda. Kisiwa chenyewe, Likoni, Nyali na Bamburi vimekalia matumbawe ya kale. Yale ya karibu na ufuo yalijengeka kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni jiwe zuri la kukata matofali na la kupikia saruji, lakini lina vitundu, hunywa maji, na likiwa karibu na bahari huwa na chumvi inayokula nondo. Changamwe hadi Miritini ni miamba ya tope ya enzi ya Jura, ambayo haifai kokoto kabisa. Nyuma yake umepita mkanda wa mawe ya chokaa ya Kambe, yale yanayochimbwa Jaribuni. Hilo ni jiwe la kokoto hasa, ila mkanda wenyewe ni mwembamba, na katika vilima vyake na kando yake zimo kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Kuanzia Mazeras unaingia kwenye mchanga uliogeuka mwamba: tabaka za Mazeras, kisha Mariakani, kisha Maji ya Chumvi, kisha Taru. Zote hizo ni mchanga, changarawe na tope la kale, kwa makadirio ya kati ya miaka milioni 300 na milioni 200 iliyopita, nazo zimelala zikiinamia bahari kidogo. Kwa hiyo kila ukienda magharibi unakanyaga tabaka kongwe zaidi. Ukiipa kisogo Mackinnon Road kuelekea Voi, mchanga unaisha na mwamba wa msingi unajitokeza, hasa naisi: jiwe gumu lenye mistari meusi na meupe.

Sasa tazama malisho yenyewe yako wapi. Sehemu kubwa ya nyika ya Kinango, Samburu na Taru iko juu ya zile tabaka za mchanga, si juu ya naisi. Jiwe la Mariakani lina chembe ndogo na hupasuka kwa bapa. Kwa kutandika uani ni zuri, na ndiyo maana vigae vyake vimesambaa nchi nzima. Kwa kokoto, ubapa huo ni kasoro. Vipande vyembamba hulala upande mmoja ndani ya zege, maji yanakwama chini yake, na mzigo ukija vinavunjika. Jiwe la Taru lina chembe kubwa na feldispa (aina ya madini) nyingi. Likiwa bichi linaweza kupita, lakini palipochakaa ile feldispa imegeuka udongo mweupe unaobaki kwenye vidole. Maji ya Chumvi ni tabaka za tope na mchanga mwembamba zilizopokezana, na hapo ndipo hasara nyingi hufichika.

Huo upokezano unahitaji hesabu. Tuchukulie hekta 1 ya naisi inayochimbwa kwenda chini mita 20. Ni mita za ujazo 200,000, na kwa uzito wa tani 2.65 kwa kila mita ya ujazo, ni tani 530,000. Toa asilimia 15 ya vumbi na mawe mabovu, zinabaki tani 450,000. Chukua sasa hekta 1 yenye tabaka ya mchanga ya mita 4, na chini yake mwamba wa tope. Ni mita za ujazo 40,000, kwa tani 2.4 ni tani 96,000, na kwa jiwe la namna hiyo uchafu hufika asilimia 30. Zinabaki tani 67,000 hivi. Ili kupata kokoto zilezile, timbo la mchanga litahitaji karibu hekta 7 mahali pa hekta 1 ya naisi. Shimo lisiloweza kwenda chini huenda pembeni. Mwekezaji aliyeahidi hekta 10 hakudanganya siku ile. Alipima jiwe la juu, akakuta tope mita ya tano, na mwaka wa tatu anarudi kuomba nyongeza, krasha lake (mashine ya kuponda mawe) tayari limesimikwa na vijana wenu tayari wameajiriwa. Kukataa wakati huo ni kugumu kuliko mwanzoni.

Kwa hiyo sharti la kwanza, kabla ya kikao chochote cha fidia, ni mashimo ya utafiti. Vishimo vya tingatinga vya mita 2 au 3, kimoja kila baada ya mita 50, huonyesha unene wa udongo na kifusi. Havionyeshi zaidi ya hapo. Lazima iletwe mashine ya kutoboa inayotoa mwamba katika vipande vya umbo la bomba, ifike angalau mita 5 chini ya sakafu ya timbo inayokusudiwa, katika sehemu 5 au zaidi kwa eneo la hekta 10. Vipande hupangwa sandukuni kwa kufuata kina na kupigwa picha. Wazee waende wakavitazame wenyewe, maana havihitaji digrii: kipande kirefu, kizima, kinacholia kikigongwa na nyundo ni mwamba, vipande vya urefu wa kidole vilivyochanganyika na udongo ni kifusi kitakachorundikwa mahali fulani, na mahali hapo ni malisho ya mtu.

Kwenye maabara kuna vipimo viwili vya kuulizia. Cha Los Angeles huweka kilo 5 za kokoto ndani ya pipa la chuma pamoja na mipira ya chuma, 12 kwa kokoto kubwa, likazungushwa mara 500. Kinachopita kwenye chekeche ya milimita 1.7 ndicho kilichosagika. Kikizidi asilimia 30, jiwe hilo lina shida kwa tabaka za juu za barabara. Kingine hukandamiza kokoto za milimita 10 hadi 14 kwa nguvu ya kilonyutoni 400 kwa dakika 10, kisha huchekecha kwa milimita 2.36. Bila maabara, kuna njia ya ndoo: loweka mawe usiku, yaanike juani mchana, rudia siku 5. Mwamba wa tope utaanza kuachana kama vitumbua vilivyochacha, na jiwe la kweli halitabadilika. Muhimu kuliko kipimo chenyewe ni sampuli imetoka wapi. Sampuli iliyookotwa juu ya jabali ni jiwe lililoshinda jua na mvua kwa miaka maelfu, yaani lile gumu kuliko yote lililopo hapo. Ripoti iseme: shimo la utafiti namba fulani, kina kutoka mita fulani hadi mita fulani.

Nusu ya pili ya suala ni maji, na huku nyikani yamefungamana na mwamba kuliko ramani zinavyoonyesha. Mombasa hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kufika Taru umebaki na karibu nusu yake, na jua linaweza kukausha maji ya wazi ya kina cha mita 2 kwa mwaka. Mifugo huishi kwa masilanga (mabwawa ya kuchimbwa), mito ya msimu, na ngurunga, yale mashimo ya asili yaliyomo kwenye majabali ya Taru ambayo misafara ya zamani ilipanga safari kwa kuyategemea. Jabali lililo wazi halinywi mvua. Linaimwaga yote pembeni, kwenye ngurunga au kwenye ukanda wa nyasi unaolizunguka. Ndiyo maana nyasi za kando ya jabali hukaa kijani wiki kadhaa baada ya nyingine kukauka. Jiwe analolitaka mwenye krasha kwa kuwa liko wazi, lisilo na kifusi cha kuondoa, ndilo hilohilo linalonywesha mbuzi mwezi wa Januari. Katika ripoti nyingi jabali huandikwa "ardhi isiyo na mimea", na thamani yake ya malisho huwekwa sifuri.

Halafu kuna mahali pa kifusi. Mita 1 ya udongo juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10,000. Ukishachimbwa unafura, unakuwa 13,000 hivi. Ukirundikwa kwa kimo cha mita 2 unakula karibu theluthi mbili ya hekta nyingine. Kwa hiyo hekta 10 za shimo zinaweza kuwa hekta 17 za ardhi iliyokwenda, mpaka kifusi kirudishwe. Tena kikirundikwa upande wa juu wa silanga, mvua ya kwanza ya masika inakiteremsha chote. Silanga lililojaa tope huonekana bado lina maji, mpaka ng'ombe wa kwanza azame magotini. Kwa hiyo hakikisheni kwenye ramani kwamba rundo liko upande wa chini wa kila chanzo cha maji, au kwamba umechimbwa mtaro na bwawa la kutulizia tope lenye kina kinachoweza kuzolewa kila kiangazi. Mvua moja ya milimita 40 juu ya hekta 1 ya shimo ni lita 400,000. Zitapigwa pampu ziende mahali, na mahali hapo paandikwe.

Ahadi inayorudiwa sana ni kwamba shimo likiisha mtaachiwa liwe silanga. Ichunguzwe kwa kipimo cha chumvi cha mkono, kile kidogo chenye betri. Eneo la Maji ya Chumvi halikupewa jina kwa utani: tabaka hizi zina chumvi ndani yake, na shimo likishuka chini ya kiwango cha maji ya ardhini, maji hayo huingia. Chukua namba ya mikrosiemens uliyoipata, izidishe kwa 0.65, jibu ni miligramu za chumvi kwa lita, kwa makadirio. Chini ya 3,000 ng'ombe watakunywa bila taabu. Kati ya 5,000 na 7,000 usiwape wenye mimba na wanaonyonyesha. Zaidi ya 10,000 ni sumu ya polepole. Na hata yakiwa matamu mwaka wa kwanza, jua huyapunguza na kuiacha chumvi, kwa hiyo pimeni mwisho wa kiangazi. Kuta nazo zisisahauliwe: timbo huachwa na kuta za kusimama wima za mita 8 au 10, na mnyama mwenye kiu hatafuti ngazi. Silanga la kweli lina upande wa kuingilia wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 5 za kwenda mbele, uliotandikwa changarawe. Kazi hiyo hufanywa na tingatinga likiwa bado lipo, si baada ya kampuni kufunga virago.

Vumbi nalo lina hesabu ya maji. Barabara ya malori ya kilomita 1, upana mita 8, ni mita za mraba 8,000. Kuituliza kwa lita 1 kila mita ya mraba ni lita 8,000 kwa mzunguko mmoja, na kiangazi mizunguko 4 kwa siku si mingi. Hizo ni lita 32,000 kila siku. Ng'ombe wa kwetu mwenye kilo 250 hunywa kama lita 30. Kuinyamazisha kilomita moja ya vumbi ni sawa na kunywesha ng'ombe zaidi ya 1,000, na swali la maji hayo yatatoka wapi hujibiwa kwa neno "bauza" (lori la maji) bila kutajwa bauza itajazia wapi. Ikiwa jibu ni silanga lenu au mfereji wa bomba la Mzima, semeni mapema. Ikiwa ni kisima kipya, kibali chake hutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na visima vya jirani vipimwe kina kabla ya pampu kuwashwa.

Kuhusu mahali pa krasha, upepo wa Pwani ni wa kutegemewa kuliko mkataba. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na vumbi lake huenda kaskazini na kaskazini-magharibi. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Novemba hadi Machi, na vumbi lake huenda kusini-magharibi. Upande wa magharibi hupokea vumbi karibu mwaka mzima. Basi krasha likae magharibi ya maboma, na malisho ya akiba ya kiangazi yasiwe magharibi ya krasha. Kibaya zaidi ni vumbi la Januari na Februari: nyasi zimekauka, mvua ya kuziosha haipo, na mbuzi wanalazimika kula zilizopakwa unga wa mawe. Meno huisha mapema.

Baruti nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa wataalamu wake wana leseni na sheria yao. Kanuni za kelele na mtikisiko za mwaka 2009 zimeweka kikomo cha sentimita 0.5 kwa sekunde kwenye mpaka wa eneo. Dai kipimo kisomwe mbele ya mwakilishi wenu. Siku na saa za kulipua ziwe zilezile kila wiki, mchana, na wachungaji wajulishwe jana yake ili mifugo iwe nje ya mita 500. Nyumba za udongo na matangi ya maji yapigwe picha kabla ya mlipuko wa kwanza. Bila picha hizo, kila ufa utaambiwa ulikuwapo.

Turudi kwenye ng'ombe, kwa maana hapa ndipo ripoti hupunguza hasara kwa namna inayoonekana ya kisayansi. Tuchukulie hekta 1 hutoa kilo 1,500 za nyasi kavu kwa mwaka. Nusu inaachwa ili nyasi zisife, zinabaki 750. Ng'ombe wa kilo 250 hula asilimia 2.5 ya uzito wake kila siku, kilo 6.25, yaani kilo 2,280 kwa mwaka. Anahitaji hekta 3. Kwa hiyo timbo la hekta 10 linanyima chakula ng'ombe 3 tu, na fidia ya ng'ombe 3 haifiki hata mauzo ya kokoto ya wiki moja! Hesabu ni sahihi na jibu ni upuuzi. Ng'ombe hali kwa wastani wa mwaka. Anakula huku masika, anahamia kule kiangazi, anakwenda majini kwa njia moja. Timbo likikaa katikati ya maboma na silanga, hekta 300 za upande wa pili zimepungua thamani bila kuguswa na sepetu.

Njia ndiyo ya kupimwa. Tani 450,000 kwa tipa za tani 15 ni safari 30,000. Kwa safari 50 kwa siku, kwenda na kurudi ni mapito 100. Katika siku ya saa 10, lori moja kila dakika 6. Kundi la ng'ombe 60 haliwezi kuvushwa hapo kwa usalama, na mchungaji wake aghalabu ni mtoto. Tembeeni na mtu mwenye simu ya GPS, mchore kila njia ya mifugo, kila ngurunga, kila silanga na kila mti wa kivuli wanapopumzika adhuhuri. Ramani hiyo iwekwe juu ya ramani ya mwekezaji. Mara nyingi kusogeza barabara ya malori mita 600 kunaokoa zaidi ya kupunguza shimo hekta 2, na mwekezaji hukubali kwa urahisi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Kisheria, hali hutegemea hati. Ardhi ya jamii iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016: mkataba wa uwekezaji haufai mpaka upitishwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Saini za wenyeviti watatu kwenye chai hotelini haziwi mkutano. Ikiwa ni ranchi ya kukodi, uulizwe mkataba wa kukodi unaruhusu nini, na mabadiliko ya matumizi yapitie kaunti kwa Sheria ya 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi. Tathmini ya mazingira hupelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na leseni ikitoka kuna siku 60 za kuipinga mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal). Siku hizo haziwasubiri. Mrabaha (ada ya madini yanayochimbwa) kwa Sheria ya Madini ya 2016 hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, na sheria hiyohiyo inadai dhamana ya kulinda mazingira. Kiasi cha dhamana ndicho cha kugombewa. Mkiulizwa mchague kati ya kuongezewa mrabaha na kuongezewa dhamana, chagueni dhamana.

Maana kurudisha malisho kuna gharama, na mfano unaotajwa kila mara, mashimo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi yaliyogeuzwa msitu kuanzia 1971, hauhamishiki hivihivi. Kule mvinje ulipata maji ya ardhini karibu na sakafu ya timbo, mvua ya Pwani, jongoo waliosaga majani yake kuwa udongo, na miongo ya uangalizi wa kampuni iliyokaa palepale. Taru hakuna maji hayo, na isitoshe mnataka nyasi, si msitu. Udongo wa juu, sentimita 20 za kwanza, utolewe peke yake na usichanganywe na kifusi. Una mbegu ndani yake. Rundo lake lisizidi mita 2, wala lisikae zaidi ya msimu mmoja au miwili, la sivyo mbegu zinakufa. Bora zaidi, timbo lichimbwe kwa vipande: hekta 2 ziwe wazi kwa wakati mmoja, udongo wa kipande kipya ukatandikwe moja kwa moja kwenye kipande kilichokwisha.

Kabla ya kutandika, sakafu ipasuliwe kwa meno ya tingatinga kina cha sentimita 40 hadi 50, kwa kukingama mteremko ili mifereji ishike maji. Paliporukwa hatua hii nyasi huota vizuri vuli ya kwanza, zikafa zote kiangazi, kwa kuwa mizizi iligota kwenye sakafu iliyoshindiliwa na malori. Mbegu za nyasi za nyikani, kwa mfano zile zinazoshughulikiwa na kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo cha KALRO Kiboko, zipandwe kilo 5 hivi kwa hekta, wiki moja kabla ya mvua, kijuujuu; zikifukiwa zaidi ya sentimita 1 au 2 hazichomozi. Uzio wa miba ubaki mpaka nyasi zitoe mbegu misimu miwili. Kipande cha mwisho cha dhamana kisiachiliwe kwa mwekezaji kabla ya hapo, na atakayekagua awe na fremu ya mita 1 kwa mita 1, airushe sehemu 20 na kuhesabu vishina, wala asitazame rangi ya kijani kutoka dirishani mwa gari mwezi wa Mei.